Stanley Maana Yake Maweni: Maneno Niliyoongea Ujiji

Haya niliyaongea jioni moja pale Ujiji mbele ya wanafunzi, wazazi wao na wazee wachache ambao nina uhakika walikuja kwa sababu waliambiwa kuna kahawa. Sikuwa na karatasi mkononi, nimeandika baadae kwa kukumbuka, kwahiyo nimeacha na kurukaruka kwake kulekule.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleykum. Vijana hamjambo, wale wa nyuma sogeeni mbele hakuna atakaeulizwa swali la mtihani leo.

Mimi mnanijua, Mwalimu Stanley, jiografia, wengine hapa nimewafundisha nyie na wazazi wenu pia. Sasa mwaka juzi mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar, kashuka kwenye treni na begi mgongoni na mkononi kashika kikombe cha chuma cha pinki, kina mpini, kina mrija, kikubwa aisee, mimi nilidhani ni jagi la kuogea. Nikakiangalia, kimeandikwa STANLEY. Akaniambia, "Babu, kumbe una kampuni na hutuambii!" Tukacheka sana. Alafu akauliza, "Babu, hivi Stanley maana yake nini?"

Jamani. Nimefundisha miaka thelathini na kitu. Nimewaambia watoto Mbuyuni ni penye mbuyu, Mikocheni kulikuwa na mikoche, Mwembeni mnajua wenyewe, kila jina la mahali nilikuwa nalivunja ubaoni ka karanga, ila jina langu mwenyewe ambalo naitikia kila siku, naapia mahakamani, nasainia mshahara, sikuwahi hata siku moja kujiuliza linasema nini. Nikamwambia, "Ni jina la Kizungu tu." Akaniangalia vile watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyeshindwa.

Ndo nikaanza kutafuta. Na nilichokipata ndo nimekuja kuwaambia leo.

Stanley ni maneno mawili ya Kiingereza cha zamani sana, kile cha miaka elfu na zaidi iliyopita, ambacho Mwingereza wa leo ukimsomea haelewi. Kuna stan, ni jiwe, na kuna leah, ni sehemu ya wazi ndani ya msitu, mahali palipofyekwa watu wakalisha mifugo au wakalima. Ukiunganisha unapata mahali palipofyekwa penye mawe. Bas. Hakuna mfalme humo, hakuna simba, hakuna shujaa wala malaika. Ni shamba bovu la kwenye mawe! Mkulima alifyeka akakuta mawe, majirani wakaanza kupaita kwenye mawe kule, ikawa jina.

Sasa sisi hapa Kigoma hospitali yetu ya mkoa inaitwaje? Maweni. Wajukuu zangu wamezaliwa Maweni. Kwahiyo nilimpigia mjukuu simu nikamwambia, "Mama, wewe umezaliwa Maweni na babu yako anaitwa Maweni." Hakuamini, akaenda kuhakikisha kwenye intaneti, siku hizi hata babu anahakikiwa.

Na vijiji vinavyoitwa Stanley kule Uingereza sio kimoja. Kuna Stanley ya Derbyshire, kuna ya Staffordshire, kuna mji wa Stanley kule Durham kaskazini kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe, na vingine. Hawakuigana. Mawe yapo kila mahali na watu wanafyeka kila mahali, ka vile Mbuyuni zilivyo nyingi Tanzania na Kenya na hakuna Mbuyuni iliyomwomba mwenzake ruhusa.

Hiyo stan mnaiona kwingine pia. Stanford ni kivuko cha mtoni chenye mawe, ndo lile jina la chuo kikuu cha Marekani, limetokana na mtu aliyeitwa Stanford ila yeye nae jina lake ni kivuko. Stanton ni shamba lenye mawe. Stansted, ule uwanja wa ndege wa karibu na London, ni mahali penye mawe, yaani ndege zinatua Maweni.

Na hiyo leah ndo imezaa majina mpaka ya watoto wetu. Vijana naomba mnyooshe mikono, nani hapa anaitwa Ashley? Wawili. Wesley? Yupo. Kingsley? Bradley? Haya sikilizeni. Ashley ni msitu uliofyekwa wenye miti yao inayoitwa ash. Wesley ni uwazi wa upande wa magharibi. Kingsley ni uwazi wa mfalme, huyo angalau kapata. Bradley ni uwazi mpana. Oakley ni wa miti ya mialoni, na mialoni hapa namaanisha ile ya Mamre kwenye Biblia, sio mwaloni wa Kibirizi wa dagaa, maana nimewaona wavuvi wamechangamka. Yote hayo kwanza ni mahali, alafu yakawa majina ya koo, alafu yakawa majina ya kwanza ya wanaume, alafu mengine yakahamia kwa wasichana. Shirley lilikuwa la ukoo na la kijiji, mwaka 1849 ikatoka riwaya iliyompa jina hilo msichana, na tangu hapo ukimwita mvulana Shirley unamtafutia ugomvi shuleni. Yaani mwalimu akiita rejista asubuhi anaita vichaka vya Uingereza, na vichaka vinaitika "Nipo, mwalimu!"

(Hapo walicheka mpaka wale akina Ashley wawili wakajificha.)

Wale wa mpira nimewaona mnasinzia, nakuja kwenu. Nyie mnajua majina ya miji ya Uingereza kuliko mimi mwenye jiografia, ila mnaimba tu. Wembley, ni uwazi wa bwana mmoja aliyeitwa Wemba. Burnley, uwazi wa kando ya mto Brun. Everton, ton ni shamba au boma, na hiyo ever ni nguruwe dume wa mwituni, sasa shabiki wa Everton aliye hapa na anakwenda swala ya Ijumaa, pole sheikh. Preston, shamba la mapadri. Birmingham, makazi ya watu wa Beorma. Nottingham ndo kichekesho, zamani liliandikwa na S mbele, makazi ya watu wa bwana Snot, na hilo neno kwa Kiingereza cha leo ni kamasi, wakubwa wakaona afadhali S ikapumzike. Ukiona ton ni shamba, ukiona ham mara nyingi ni makazi, ukiona ford ni kivuko, ukiona chester kulikuwa na ngome ya Warumi. Manchester imetokea huko. Na Arsenal, hiyo sio kijiji, imetoka kwenye kiwanda cha silaha cha Woolwich, ila neno lenyewe lilipita kwa Waitaliano likitokea kwenye Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya kazi ya mikono. Dar ileile ya Dar es Salaam. Leo mkienda kubishana kijiweni mkasema Arsenal ni ndugu na Dar, mseme mwalimu kasema.

Turudi Maweni.

Sasa jina la shamba linaingiaje kwa mtu? Hapa ndo penye utamu. Waingereza wa zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa Adam, bas, na wakiwa Adam wawili utasema Adam mfupi au Adam wa mtoni. Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa wakapiga nchi, wakagawana ardhi, mwaka 1086 mfalme wao akaandikisha mashamba yote kwenye daftari kubwa, na mwenye shamba akawa anajulikana kwa shamba lake, akiongeza neno la Kifaransa de, yaani wa. Kwahiyo ukawa na Adam de Stanley, Adam wa Maweni. Miaka ikaenda, ile de ikadondoka njiani, ikabaki Stanley, na watoto wakairithi hata ka shamba wameshauza.

Sisi watu wa huku hili tunalijua kwa njia nyingine. Mnamfahamu Sheikh Uways al-Barawi, yule wa tarika ya Kadiria ambae uradi wake ulifika mpaka huku bara? Al-Barawi, mtu wa Barawa. Mtu anabeba mji wake mwisho wa jina ka mzigo wa mgongoni, akifika ugenini watu wanajua katoka wapi. Stanley ni al-Barawi ya Kizungu. Tofauti ni kwamba Mbarawa alijua Barawa ipo na ikoje, na mimi nimebeba Maweni ya watu miaka yote hiyo bila kujua hata ni mahali.

Ukoo mmoja wa Stanley, uliotokea kile kijiji cha Staffordshire, ukapanda sana. Mwaka 1485 kulikuwa na vita huko Bosworth, watu wawili wanagombea kiti cha ufalme, Thomas Stanley ana jeshi lake amesimama pembeni anaangalia tu nani anashinda, na mmojawao alikuwa mtoto wake wa kambo. Ndugu yake William alipoingia na askari zake upande wa yule kijana mambo yakaisha, kijana akawa mfalme Henry wa Saba, na Thomas akapewa cheo cha Earl wa Derby. Yaani siasa ya kusubiri matokeo haikuanzia kwetu.

Sasa watu wa Simba na Yanga kaeni vizuri. Earl wa Derby wa 12, ambae nae ni wa ukoo huohuo wa Stanley, alianzisha mbio za farasi pale Epsom mwaka 1780, zikaitwa Derby kwa cheo chake. Zikawa maarufu mpaka neno lenyewe likawa na maana ya shindano kubwa, na wengi wanaona ndo huko lilikotoka likaja kwenye mpira, mechi ya majirani ikaitwa dabi. Kwahiyo mkisema dabi ya Kariakoo mnamtaja mzee mmoja wa ukoo wa Maweni aliyependa farasi. Na neno Derby lenyewe ni la Kinorsi, lugha ya zamani ya Skandinavia, kijiji cha kulungu. Kulungu! Simba anacheza na Yanga ndani ya kijiji cha kulungu. Na kule Liverpool, kati ya Anfield na Goodison, ule uwanja wa zamani wa Everton, kuna bustani kubwa mtu anavuka kwa miguu, inaitwa Stanley Park, ukoo uleule. Niliwahi kufikiri kuna mtu ananifanyia mchezo.

Ukoo huo ndo uliosambaza jina duniani, na hawakuhitaji hata kusafiri. Mmoja alikuwa waziri wa makoloni kwenye miaka ya 1840, anaitwa Lord Stanley, sasa magavana wakitaka kumpendezesha bosi wanaita mji jina lake. Makao makuu ya visiwa vya Falkland yanaitwa Stanley. Kuna Stanley Hong Kong, ambapo wenyeji walikuwa na jina lao na mpaka leo kwa Kichina wanaliita jina lao. Kuna Stanley Tasmania. Mtu mmoja kakaa ofisini London, miji mitatu. Mwanae mmoja alikuwa gavana mkuu wa Kanada, nae akaachiwa bustani Vancouver, na mwaka 1892 akatoa kombe la mchezo wa magongo wa kwenye barafu ambalo wanalipigania mpaka leo. Kwahiyo kuna kikombe cha Stanley cha wanaume wenye skeiti na kuna kikombe cha Stanley cha mjukuu wangu, na hiki cha mjukuu hakina uhusiano na lord yeyote, kimetokana na Mmarekani William Stanley aliyetengeneza chupa ya chai ya chuma kitupu mwaka 1913. Futi za mafundi, zile za njano, ni Stanley mwingine tena, kiwanda cha Connecticut cha mwaka 1843. Fundi wangu aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hii futi ni ya kwenu?" nikamwambia ingekuwa yetu ungenijengea bure.

Lakini mimi sikuitwa kwa ajili ya hao. Baba yangu hakumjua lord yeyote. Baba alikuwa anavuka ziwa na biashara zake kwenda Kongo, enzi zile Kalemie ikiitwa Albertville na Kisangani ikiitwa Stanleyville, na alikuwa anasikia mabaharia wanavyoitaja Stanleyville, Stanleyville, ka mji wa taa na muziki. Hakuwahi kufika. Nilipozaliwa akasema huyu Stanley. Padri akakataa, akasema hakuna mtakatifu Stanley, akaandika Stanislaus, ambae ni askofu wa Poland na haingiliani kabisa na mawe. Kwahiyo kanisani mimi ni Stanislaus, shuleni Stanley, bibi yangu alikuwa akiniita Sitanile, na ofisi moja ya serikali iliniandika Stainless. Nisamehe mzee, sitanii! Cheti kilitoka kimeandikwa Stainless, ka sufuria. Nilizunguka miezi minne kukibadilisha, kila dirisha wananiuliza kwani si ni lilelile.

Jina la nyumbani ninalo pia, la Kiha, hilo linabaki nyumbani.

Sasa huyo Stanley aliyeacha jina Kongo. Wazee wa hapa hamhitaji kuambiwa, alifika hapahapa Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, miembe ya pale kwenye makumbusho inasemwa ni uzao wa ule mwembe waliokutana chini yake. Watalii wanapiga picha. Ila wangapi mnajua kwamba huyo mtu hakuitwa Stanley?

Alizaliwa mwaka 1841 Denbigh, huko Wales, na kanisani wakamwandika John Rowlands, mwana haramu. Hivyohivyo, kwenye kitabu cha ubatizo. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Parry, na Parry ni ap Harry, maana Wawelshi walikuwa wanasema ap ka sisi tunavyosema bin, alafu ikameza a ikabaki p. Hata Rowlands ni ya namna hiyohiyo, ile s ya mwisho ni wa Rowland, mtoto wa fulani. Na yeye kilichomuuma ndo hicho, kwamba fulani mwenyewe hakuonekana. Akiwa na miaka sita wakampeleka nyumba ya kulelea maskini huko St Asaph, akakulia humo. Kisha akapata kazi kwenye meli, mwaka 1859 akafika New Orleans Marekani, na huko akabadilisha jina.

Yeye mwenyewe alisema kuna mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley, alimchukua akamfanya mwanae akampa jina. Waliochunguza maisha yake wengi hawaikubali, wanaona alijitungia, jina la tajiri wa mjini akalivaa. Mimi simcheki. Mtoto aliyeandikwa haramu kwenye kitabu cha kanisa, akaona jina zuri limetundikwa, akalichukua. Na lile la katikati alihangaika nalo, akajaribu Morley, akajaribu Morelake, akajaribu Moreland, mwisho akatulia kwenye Morton. Morley ni uwazi wa kwenye kinamasi, Morton ni shamba la kwenye kinamasi. Yaani kazunguka weee kutafuta jina la bwana mkubwa na kila analoshika ni kinamasi. Henry Morton Stanley, ukilitoa kwa Kiswahili ni Henry Shamba-la-Kinamasi wa Maweni. Jina likisikika hivyo mbona tungemkaribisha tu uji.

Na kuna kitu kimoja kilinifanya niweke kalamu chini. Hapa Ujiji walikutana watu wawili. Mmoja anaitwa Livingstone, ukilitazama jina utasema kuna jiwe humo, stone, limeandikwa kabisa. Halimo. Livingston ni mahali Scotland, shamba la mtu aliyeitwa Leving, ile s ni ya kwake, na tone ni ileile ton ya Everton. Na mwingine anaitwa Stanley, humo huoni jiwe, na ndimo lilimo. Mwenye jiwe hana jiwe na asiye na jiwe analo. Nimewafundisha watoto wa mji huu habari za watu hawa wawili miaka yote na sikuliona.

Aliporudi tena huku, mwaka 1874 kutokea Zanzibar, akakata bara na wapagazi na waungwana wa pwani, Tippu Tip akamsindikiza kipande, wakashuka na mto Lualaba mpaka wakatokea mji wa Boma, karibu na bahari, mwaka 1877. Na kila alipopita akaacha jina. Yale maporomoko saba ya juu ya Kisangani yakawa maporomoko ya Stanley. Ule mtanuko wa mto pale Kinshasa ukawa wa Stanley. Mlima wa juu kabisa wa Rwenzori, mita 5,109, wa tatu Afrika nyuma ya Kilimanjaro na Kenya, ukawa Mlima Stanley. Nairobi hoteli ikafunguliwa mwaka 1902 ikaitwa Stanley. Sasa fikirini. Maporomoko yana maji, yana Wagenia na mitego yao ya vikapu ndani ya kasi ile, yana jina lake, mtu anakuja anayaita kichaka kilichofyekwa cha Uingereza, tena jina lenyewe sio lake kaliokota New Orleans. Na ramani inakubali. Mimi mwenyewe nilifundisha ramani hiyo.

Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani, enzi hizohizo za Mobutu mtanuko wa mto ukawa Malebo, maporomoko yakawa Boyoma, na sanamu yake kule Kinshasa ikashushwa. Mlima Wakongo wakauita Ngaliema, jina la chifu aliyempa shida Stanley pale kwenye mto, na hiyo naona ni dawa yake kabisa. Upande wa Uganda ramani bado zinasema Stanley. Baba yangu aliposikia Stanleyville imefutwa aliniangalia akasema, "Sasa umebaki wewe."

Ila Wakongo walimpa jina lao kabla ya yote hayo, na hili ndo la mwisho, naona kahawa imeshafika.

Mwaka 1879 alirudi, safari hii kwa kazi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaanza kupasua barabara kutoka kituo cha Vivi kupanda juu, kwenye majabali ya Kongo ya chini. Mwenyewe alieleza kwamba alishika nyundo kuwaonyesha watu namna ya kuvunja mawe, na wenyeji wakamwita Bula Matari. Bula ni kuvunja, matari au matadi ni mawe, ndo hiyohiyo Matadi bandari ya Kongo. Mvunja mawe. Nao hawakujua Kiingereza cha kale, hakuna aliyewaambia kwamba jina la huyu bwana ni mawe, wakamtazama tu wakampa jina lenye mawe. Na jina hilo halikuishia kwake, likahamia kwenye serikali nzima ya Leopold na baadae ya Wabelgiji, Bula Matari amekuja, maana yake askari wamekuja, utomvu wa mpira unatakiwa, kodi inatakiwa, kimbieni porini. Wazee waliovuka kuja huku walikuwa bado wanalitaja hivyo na sio kwa kusifia.

Alikufa London mwaka 1904. Alitaka azikwe Westminster Abbey karibu na Livingstone, wakakataa. Wakamzika kijijini Pirbright, Surrey, na mke wake akatafuta jiwe la kuweka, hakutaka la kuchongwa vizuri, alitaka jabali ghafi, likapatikana kule Dartmoor, refu kumzidi mtu. Juu yake wakaandika Henry Morton Stanley, chini yake Bula Matari, kisha miaka yake, 1841 hadi 1904, kisha neno moja, Africa. Maweni, Mvunja Mawe, imechongwa kwenye jiwe. Rowlands haipo.

Haya, kahawa hiyo hapo. Aliye na swali aulize, na wewe Ashley wa pili nimekuona unanong'ona, simama.